Sinema ya Saa Kumi

Simu ya kaunti ilikuja Jumanne, saa nne asubuhi, Darlene Hudak akiwa amesimama mbele ya friji na kalamu nyekundu, anakata majina ya sinema za jana. Karatasi iliyobandikwa kwenye friji ilikuwa na safu mbili. Ya kushoto ilikuwa ya mumewe, Leonard: sinema za kutisha za zamani, nyeusi na nyeupe, moja kila siku ya Oktoba, saa kumi alasiri, mjukuu wao Josie akishatoka shule. Ya kulia ilikuwa ya Darlene mwenyewe: sinema mpya, zile za damu nyingi, moja kila jioni mtoto akishalala. Alizitazama huku anafuma soksi, mtu anakatwa mkono yeye anahesabu mishono. Hivyo ndivyo walivyoila Oktoba yao mpaka Halowini, sikukuu ya mizimu mwishoni mwa mwezi, na mjini kwetu hakuna aliyeshangaa, kwa sababu sote tulimjua Leonard Hudak ni nani.

Aliyepiga ni Miss Pruitt, afisa wa ustawi wa jamii. Alizungumza kwa upole, na hakuna kitu kinachotia hofu kama upole wa watu wa kaunti. Alisema mwalimu wa Josie ametuma ripoti. Watoto waliambiwa darasani wachore wanachofanya nyumbani wakitoka shule, na Josie akachora sanduku refu, ndani yake mtu mwenye meno marefu, na kando yake msichana ameshika kifuniko. Chini aliandika kwa mwandiko safi: Babu yangu analala kwenye jeneza. Mimi ndiye ninayemfungulia. Halafu tunaangalia watu wakifa.

Mwalimu hakuwa na hiari, sheria inamtaka aripoti. Miss Pruitt naye hakuwa na hiari, ripoti ikifika ni lazima aende. Akasema atapita Alhamisi alasiri, wazungumze tu. Darlene akamjibu karibu sana, akaweka simu, akakaa kwenye kiti cha jikoni.

Josie alikuwa na miaka minane. Alikuwa kwao tangu Mei, kwa karatasi ya muda ya kaunti. Mama yake, Rhonda, binti yao wa pekee, alikuwa kwenye nyumba ya kutibiwa watu wa dawa za kulevya, na barua zake zilikuwa zinazidi kuwa fupi. Tarehe nne Novemba hakimu alikuwa aamue: mtoto abaki kwa babu na bibi yake moja kwa moja, au apelekwe kwa familia ya kulea, mji mwingine, kwa watu asiowajua.

Sasa huyo Leonard. Alifanya kazi kiwanda cha vioo maisha yake yote, lakini kwa miaka tisa, zamani hizo, kila Jumamosi alijipaka unga usoni, akavaa joho jeusi, akalala kwenye jeneza la mbao nyembamba katika kituo kidogo cha televisheni cha hapa kwetu Ohio. Kamera ikiwaka, kifuniko kinalia kwiii, anaamka, anacheka kicheko chake, anatambulisha sinema. Aliitwa Bwana Sanda. Watoto wote wa mji huu, na mimi nikiwamo, tulikiiga kile kicheko mpaka mama zetu wakatutishia viboko. Kituo kilipofungwa hakuna aliyelitaka jeneza, akalibeba nyumbani akaliweka chumba cha chini, likawa la kutunzia taa za Krismasi.

Oktoba hii alizitoa taa. Alilala humo kila siku saa kumi kasoro dakika tano, Josie akamfungulia, na sinema ikaanza. Ila Leonard hakumwacha mtoto aangalie hivi hivi. Wakifika mahali pa kuogofya alisimamisha picha. Alimwuliza anaona nini pale pembeni, juu ya nyigu mkubwa kama ng'ombe. Josie alisogea mpaka pua ikagusa kioo, akasema anaona kamba. Na nani anaivuta? Mtu aliyelipwa kuivuta. Damu ni nini? Sharubati. Huyu maiti mbona tumbo linapanda na kushuka? Basi hapo mtoto alicheka mpaka akalala chini. Huyu ndiye mtoto ambaye Mei hakuweza kulala bila taa wala kwenda bafuni bila Darlene kumshika mkono. Sasa alikwenda peke yake, na taa alizima mwenyewe.

Leonard aliporudi kutoka kukata majani akaambiwa habari, alisema aje, atamwonyesha sinema yenyewe, atamwonyesha na kamba.

"Wewe unamwona Bwana Sanda," alisema Darlene. "Yeye atamwona mzee anayelala kwenye jeneza na mtoto wa watu."

"Mtoto wa watu? Huyo ni mjukuu wangu."

"Karatasi zinasema ni wa kaunti, Len."

 Leonard akashuka chini kulitazama jeneza lake.

*

Jeneza lilihamishwa Jumatano asubuhi, juani, kila mtu akiona. Leonard alishika upande wa kichwa, jirani yao Stosh Wasik akashika miguu, wakavuka barabara kulipeleka kwenye banda la gari la Stosh. Gari moja dogo la bluu likasimama kuwapisha, na mama mmoja aliyekuwa kwenye usukani akavua miwani akafanya ishara ya msalaba. Stosh alijing'ata mdomo asicheke. Vijana wawili waliokuwa wanapaka rangi nyumba ya kona wakapiga kelele kutoka kwenye ngazi wakimwuliza Bwana Sanda kama leo kafa kweli au bado anafanya mazoezi.

Siku zote Leonard akitaniwa hujibu. Huweka mkono kifuani, huinua kidevu, huwapa watu kicheko chao wakaenda nacho kazini. Siku ile alitazama viatu vyake mpaka wakaingia bandani. Stosh alimwuliza jambo gani, na Leonard akamjibu kwamba alifunike kwa turubai, na mtu akiuliza, aseme ni lake.

Darlene naye alikuwa barazani anashusha mapambo. Mifupa ya plastiki, utando wa pamba, kile kichwa kinachopiga yowe ukikanyaga zulia. Alivitia vyote kwenye mifuko ya taka akaisukumia darini. Alipomaliza alirudi nyuma mpaka kando ya barabara atazame. Mtaa mzima ulikuwa na mizimu na maboga, nyumba yao peke yake imekaa tupu. Ilionekana nyumba yenye msiba. Akafikiria kurudisha boga moja, akaona hata boga litauliziwa swali. Mwisho alibandua karatasi ya friji, akaikunja mara nne, akaificha kwenye mkebe wa unga.

Josie alipotoka shule alikuta mkate wa jibini uliokaangwa na supu ya nyanya, kitu anachokipenda, na bibi yake amekaa kumngoja. Darlene alimwambia kesho yule Miss Pruitt atakuja. Mtoto akaacha kutafuna. Aliuliza begi lake liko wapi.

Darlene alimwambia hakuna haja ya begi, hakuna anayekwenda popote. Kuna mambo mawili matatu tu ambayo mgeni hana haja ya kuyajua, watu wa nje hawayaelewi. Akimwuliza wanaangalia nini saa kumi, aseme katuni. Josie alifikiri, akasema wachague katuni moja kabisa, maana lazima ataulizwa jina. Wakachagua.

"Na jeneza?"

"Hakuna jeneza."

"Na picha niliyochora?"

"Ulitunga. Au uliota."

"Niliota ni bora," alisema Josie. "Nikisema nilitunga, mwalimu ataona mimi mwongo."

Akachovya mkate kwenye supu. Kisha akamweleza bibi yake, kama fundi anayemweleza mwenzake, kwamba ukimwambia mtu jambo la namna hiyo usimtazame machoni. Mtazame hapa, akagusa katikati ya nyusi zake. Ukitazama macho utacheka au utalia. Mama ndiye aliyemfundisha.

Darlene alibaki na kijiko mkononi. Hapo ndipo alipopaswa kusema basi, mwanangu, tuyaache, tutasema ilivyo. Mimi nayasema haya leo nimekaa kwenye kiti changu. Yeye alikuwa na siku moja tu na hofu imemjaa, na alichokiona mbele yake ni mtoto aliye tayari. Akamwambia, "Vizuri. Sasa niambie tena tangu mwanzo."

Leonard alikuwa kwenye ngazi za chumba cha chini, anasikia kila neno. Hakupanda.

*

Miss Pruitt alifika Alhamisi na mafua, pua nyekundu, viatu vimelowa. Alivivua mlangoni bila kuambiwa, na soksi yake moja ilikuwa na tundu kwenye kidole. Darlene aliliona lile tundu na roho yake ikatulia kidogo, mtu mwenye soksi kama ile hawezi kuwa mkatili. Ndivyo alivyojiambia.

Wakamtembeza nyumba. Alifungua friji akatazama maziwa na mayai, akaifunga, akatazama sumaku tano zilizobaki mlangoni bila kushika kitu. Alibonyeza king'ora cha moshi. Alinusa mashuka ya Josie, kweli aliyanusa, aliinama kabisa, na Darlene aliyeyafua asubuhi ile ile akahisi uso unamwaka moto. Aliomba kuona chumba cha chini. Sakafuni palikuwa na mstatili mrefu ambao vumbi lake lilikuwa tofauti na vumbi jingine, na taa za Krismasi zimerundikwa kwenye kona. Miss Pruitt alisimama pale akapenga kamasi, akapanda juu.

Akiwa sebuleni alisema, kama mtu wa mazungumzo tu, kwamba mtaa huu wote una mifupa barazani isipokuwa hapa. Darlene akajibu haraka kwamba wao si watu wa mambo hayo.

Mke wa Bwana Sanda huyo, anasema hivyo. Leonard aligeukia dirisha.

Miss Pruitt akaomba kuzungumza na Josie peke yake, wakapanda chumbani wakafunga mlango. Zilikuwa dakika kumi na mbili kwa saa ya ukutani. Leonard na Darlene walikaa kwenye kochi, mikono kwenye magoti, kama watoto wanaongoja kuitwa na mwalimu mkuu. Kutoka juu walisikia sauti ya mtoto, tulivu, bila kukwama. Darlene alimgusa mumewe mkono kumwambia anakwenda vizuri.

Miss Pruitt aliposhuka alishuka peke yake. Hakufungua faili. Aliketi kwenye kiti cha Leonard, akawaambia kwamba Josie amesema aliota jeneza. Amesema saa kumi wanaangalia katuni, na jina akamtajia, na akamweleza ya juzi ilihusu nini. Hakukosea hata neno moja.

"Si umesikia basi," alisema Darlene.

"Nimesikia, Bi Hudak. Mwezi wa tano nilibisha mlango wa Rhonda, Josie akafungua. Nikamwuliza mama yuko wapi. Akaniambia yuko kazini, atarudi saa kumi na moja, amemwachia mkate na siagi. Alisema kwa sauti hii hii niliyoisikia sasa hivi. Rhonda alikuwa bafuni, ameanguka tangu jana yake." Akapenga kamasi. "Bwana Hudak, kuna jeneza katika nyumba hii?"

"Liko kwa Stosh," alisema Leonard.

Akamweleza yote. Unga usoni, joho, kituo cha televisheni, kamba za nyigu, sharubati, sinema za jioni ambazo mtoto hazioni. Alisema kwamba mtoto aliacha kuwasha taa. Alilisema hilo mara tatu, Miss Pruitt anaandika. Darlene akamkatiza akasema ni yeye aliyemfundisha Josie la kusema, Leonard hakutaka, aandike jina lake peke yake.

Miss Pruitt alisema fomu haina mahali pa kuandika hivyo.

"Nitawaambia ukweli, kwa sababu nawaheshimu," alisema. "Sinema za mwaka hamsini na tano nisingeziandikia hata mstari mmoja. Ningewaambia zile za jioni mlango ufungwe, ningekunywa kahawa yenu, ningekwenda zangu. Lakini sasa nina mtoto aliyefundishwa kunidanganya, na safari hii walimu wake ni ninyi."

Alivaa viatu vyake vilivyolowa. Aliwaambia Jumatatu waje ofisini na Josie waonane na mkuu wake, Bwana Hargis, yeye ndiye atakayeamua mtoto akae wapi mpaka siku ya hakimu.

Gari lake lilipoondoka Josie alikuwa amesimama katikati ya ngazi. Aliuliza kama amefanya vizuri. Darlene akamwambia amefanya vizuri, wao wakubwa ndio waliofanya vibaya.

"Kwa hiyo amejua," alisema Josie.

Akapanda tena juu. Walipokwenda kumwita chakula cha jioni walikuta begi lake mlangoni mwa chumba, limefungwa, na mto umefungiwa kwa mkanda juu yake. Alikuwa amekaa kitandani na koti lake, anangoja.

*

Bwana Hargis alikuwa mtu wa miaka hamsini hivi, mnene, mwenye sauti ya mtu aliyezoea watu, na picha za wajukuu wake zimejaa mezani. Josie aliachwa nje kwenye korido na katibu. Hargis alisoma faili huku anatikisa kichwa, alisoma ukurasa wa pili, halafu akarudi wa kwanza. Akainua macho akamtazama Leonard.

"Ngoja kwanza. Hudak. Wewe si ndiye Bwana Sanda?"

Leonard alikiri. Uso wa Hargis ukafunguka wote. Alisimulia jinsi yeye na kaka zake walivyokaa sakafuni kila Jumamosi, bakuli la bisi katikati, jinsi mdogo wao alivyokuwa akijificha nyuma ya kiti mpaka jeneza lifunguliwe. Alimwambia Miss Pruitt kwamba yeye bado mtoto, hawezi kujua, lakini mtu huyu alikuwa mfalme wa mji huu. Miss Pruitt alisema ndiyo, mkuu, ameandika hilo ukurasa wa tatu.

"Hebu nifanyie kile kicheko," alisema Hargis. "Kimoja tu. Kaka yangu hataamini."

Leonard alimtazama Darlene. Darlene alikuwa anatazama lile faili, lililokuwa limefunguka chini ya kiwiko cha Hargis, jina la Josie likiwa juu kwa herufi kubwa. Miss Pruitt aliinamisha kichwa akaanza kutafuta kitambaa cha pua ambacho tayari alikuwa nacho mkononi.

Leonard akavuta pumzi. Aliweka mkono kifuani, akainua kidevu, akacheka. Alikianzia chini tumboni kama zamani, akakipandisha taratibu, akakipasua juu kabisa, na mwisho akakiburuta kikafia kooni. Hakupunguza hata kidogo. Suruali yake ya kanisani, tai ya kuazima kwa Stosh, miaka sitini na minane, anacheka mbele ya meza ya kaunti ili aachiwe mjukuu wake. Huko kwenye korido katibu alichungulia kuona kuna nini.

Hargis alipiga makofi. Alifuta macho, akafunga faili, na baada ya hapo, lazima niseme, alikuwa mwema kwao. Mtoto atabaki kwao mpaka siku ya hakimu. Watahudhuria darasa la wazazi Jumamosi nane mfululizo. Kisa cha kumfundisha mtoto uongo kitakuwa kwenye ripoti, hilo hawezi kulifuta, lakini ataongeza sentensi mbili za kuwatetea. Na sinema waendelee nazo, Mungu wangu, nani atamkataza Bwana Sanda sinema? Mradi kila kitu kiwe wazi. Aliwasindikiza mpaka mlangoni na kumpiga Leonard begani.

Garini, walikuwa wamekwisha kupita taa mbili za barabarani.

"Umecheka," alisema Darlene.

"Ulitaka nikatae?"

"Sijasema ukatae."

"Basi."

Josie aliuliza kutoka kiti cha nyuma kama yule mtu ndiye hakimu. Darlene akamwambia hapana, hakimu ni mwingine, bado. Mtoto alitazama nje.

"Na yeye atataka kicheko?"

Leonard aliwasha kiashiria akakata kona ambayo haikuwa njia yao, wakazunguka mtaa mzima ndipo wakarudi kwenye barabara ya nyumbani.

*

Wiki ile haikuwa na sinema. Ruhusa walikuwa nayo, lakini saa kumi ilipofika Leonard alijikuta ana kazi bandani au ana jani la kuokota, na Josie alikaa mezani na madaftari yake. Alikuwa mtoto mwema mno. Aliosha bakuli lake, alikunja shuka lake, alisema asante kwa kila kitu. Usiku taa yake ilianza tena kuwaka.

Kitu kilichomwumiza Darlene kilikuwa kidogo, mtu mwingine asingekiona. Ukimwuliza Josie swali la kawaida tu, leo shuleni mlikula nini, au unataka soksi zipi, hakujibu hapo hapo. Kwanza alikutazama usoni. Alikupima, akatafuta jibu unalolitaka, ndipo akakupa. Darlene alijaribu kuuliza bila uso, akiwa ameinamia sinki, na mtoto akanyamaza mpaka bibi yake akageuka.

Siku moja alimwita amsaidie kukanda unga wa mkate, akamwambia kwamba alikosea. Alimwambia aliogopa, na mtu mzima akiogopa hufanya mambo ya kijinga, na kwamba nyumba hii sasa haina tena la kuficha. Josie alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza kama hayo ndiyo ya kumwambia Miss Pruitt akija tena. Darlene aliendelea kukanda mpaka unga ukawa mgumu, mkate wenyewe haukuliwa.

Jumamosi ilikuwa Halowini. Darlene alishusha mifuko kutoka darini akarudisha mifupa yote barazani, na ile karatasi ya friji akaibandika mahali pake na mikunjo yake. Siku kumi hazikukatwa. Leonard alishinda asubuhi anachagua. Aliacha zote zilizokuwa kwenye orodha akatoa moja fupi, ya wanasesere wanaotembea, ambayo kamba zake huhitaji hata kuzitafuta. Jeneza alikuwa ameliacha kwa Stosh, alisema bado hana miguu ya kulibeba. Alipanga mito sakafuni. Alitengeneza bisi, akamwaga siagi nyingi kuliko daktari wake anavyoruhusu.

Saa kumi akaita.

Josie alikuja akasimama mlangoni mwa sebule. Alikuwa amekwisha kuvaa nguo zake za usiku ule, alikuwa popo, mabawa ya mwavuli wa zamani ambayo Darlene alimshonea mwezi wa tisa. Hakuingia. Alitazama televisheni, mito, bakuli, kisha babu yake.

"Njoo, mama," alisema Leonard. "Ya leo ina kamba kama kamba za nguo."

"Nikiulizwa, niseme nini?"

Darlene alitoka jikoni, mikono imelowa. Leonard aliweka rimoti chini.

"Hakuna wa kukuuliza leo."

"Siku ya hakimu. Akiniuliza saa kumi tunafanya nini, niseme nini?"

"Sema ukweli," alisema Leonard. "Ukweli tu, basi."

Josie aliingia hatua moja. Alimtazama babu yake usoni, akamtazama bibi yake, akarudi kwa babu, mabawa yake yakigonga fremu ya mlango. Alitafuta kwa bidii kweli, kama mtoto anayetaka kufanya vizuri.

"Upi, Babu?" aliuliza. "Ule wa kubaki hapa, au ule mwingine?"

Kengele ya mlangoni ikalia. Watoto wadogo huanza mapema kuomba pipi, kabla jua halijashuka, na walisikika barazani wakicheka na kusukumana kwenye zulia. Ikalia mara ya pili. Bakuli la pipi lilikuwa tayari kando ya mlango, na hakuna hata mmoja wao aliyekwenda kufungua.